Kiti Nilichomfungia Athumani

Nyie mnaong'oa viti vya Mark X na kuvifunga kwenye magari yaliyozaliwa kabla ya mama zenu, nawaandikia huku nikijua hamtanisikiliza. Niliwaambia ana kwa ana mkaguna, sembuse kwa maandishi. Ila nimestaafu, mkono hauna nguvu ya kukaza bolti wala jicho halina nuru ya kutunga uzi, na nimebakiwa na mdomo tu. Basi ngoja niutumie.

Kwa wasionijua, mimi ni Fundi Zena. Kibanda changu kilikuwa Tegeta, kwenye njia ya kupandia Madale, mahali ambapo ukiacha kiti nje asubuhi, mchana unakifuta vumbi la malori ya saruji. Wateja wengi wakifika mara ya kwanza walikuwa wananiuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Nawajibu ametoka, kaeni mumsubiri. Wanakaa. Mimi naendelea kufungua kiti cha gari lao mbele ya macho yao mpaka waone haya wenyewe.

Sikuanza na vyuma. Nilikuwa nashona sare za shule kwa cherehani ya miguu, na jirani yangu alikuwa Fundi Elia, Mpare mmoja mlokole ambaye hakucheka hovyo, anaimba nyimbo za kwaya huku anagonga nyundo. Alihitaji mtu wa kumshonea kava za viti, nikamshonea. Halafu nikataka kujua hiyo kava inafunika nini, halafu nikataka kujua hicho kilichofunikwa kimeshikwa na nini, na haukupita muda nikajikuta chini ya gari na gauni langu. Mama yangu kule Kunduchi alipoambiwa bintiye analala chini ya magari ya watu alilia, akauliza kama nimerogwa.

Fundi Elia alikuwa na utaratibu wake, na ndio niliourithi. Mteja akileta gari la zamani anataka kiti cha kisasa, Elia hagusi gari kwanza. Anamkalisha mteja kwenye kreti ya soda, katikati ya gereji, anamwambia afumbe macho aendeshe. Mtu anaanza kuona aibu. "Endesha," Elia anamwambia. "Kanyaga klachi. Ingiza gia. Kata kona ya kulia." Ukimwacha mtu aendeshe hewani hivyo, mwili wake unakaa unavyotaka wenyewe, na hapo Elia anapita na futi kamba: goti liko wapi, kiwiko kiko wapi, kichwa kimefika juu kiasi gani. Kuna mwalimu mkuu mmoja alikaa kwenye kreti ile amevaa suti, anaendesha macho yamefumbwa, na wanafunzi wake wakapita. Wakaanza kumpigia kelele, "Mwalimu, piga honi!" Naye, maskini, akapiga.

Sasa nyie mnapima nini? Mnapima kama kiti kinaingia mlangoni. Kikiingia mnashangilia.

Kiti cha kisasa kinakuja na reli zake ndefu kwa kwenda juu, kwa sababu gari lake lina sakafu ya chini. Ukikiweka kwenye gari la zamani kama kilivyo, mwenye gari anagusa paa kwa kichwa na mapaja yanabana usukani. Lazima reli zishushwe. Halafu lazima kiti kiangalie mbele, kiangalie usukani sawasawa. Msinicheke. Nimeona kiti kimefungwa upande kwa sababu bolti ilikutana na chesisi, na fundi badala ya kutafuta tundu jingine akazungusha kiti kidogo. Mwenye gari alikuwa muuza mbao wa Goba. Aliendesha miezi na miezi kiuno kinaelekea dirishani na uso unaelekea barabarani, na alipokuja kwangu alikuwa anageuza shingo kwa kutumia mkono.

Na waya za njano chini ya kiti, achaneni nazo. Hizo ni za eabegi, ule mfuko unaolipuka gari likigonga. Msizijaribu kwa betri ili kuona kama "zinafanya kazi", maana zitafanya. Na kile kidude cha kuchomekea mkanda, kwenye viti vya siku hizi kimefungwa kwenye kiti chenyewe, siyo sakafuni. Maana yake gari likigonga, mzigo wote wa mwili wa mtu unavutwa na kiti, na kiti kinavuta bolti zake, na bolti zinavuta bati la sakafu. Bati lenyewe limeliwa na kutu, mmelipaka rangi nyeusi. Wekeni sahani ya chuma nene chini ya sakafu, pana kuliko kiganja, kila bolti. Haionekani, mteja hataisifia, hamtapiga picha mkarushe kwenye simu. Wekeni tu.

Nimeshasema ya ufundi, sasa niseme kinachoniuma.

Nina mdogo wangu, anaitwa Athumani. Tumeachiana ziwa, kwa hiyo tumekua tukigombana. Athumani kazi yake ilikuwa kuchukua samaki pale Kunduchi alfajiri, kuwapakia kwenye Pijo lake la pikapu, na kuwapandisha Wazo, Madale mpaka Goba kwa mama ntilie na mabucha ya samaki. Pijo lenyewe la zamani, alilipata kwa baba mkwe wake, na alilipenda kuliko alivyompenda baba mkwe. Kiti cha dereva kilikuwa kimebaki springi na gunia. Amekalia springi zile miaka mpaka mgongo ukaanza kumfanyia vituko. Akishuka garini anasimama kwanza ameinama, anangoja ruhusa ya mgongo wake ndipo anyooke.

Wifi yangu Mwajuma akamburuta hospitali. Daktari akamwambia maneno mawili: apate kiti cha maana au aache kuendesha. Athumani akaja kwangu siku hiyo hiyo. Hakukaa. Alisimama mlangoni anachezea funguo.

"Dada, mie nikiacha gari n'takuwa nani?" aliniuliza.

Nilitaka kumjibu kwa utani kama kawaida yetu, nikamwangalia usoni, nikaacha.

Vijana, sijawahi kufanya kazi kama ile, na baada ya ile sikufanya nyingine ya kusemwa. Tulikwenda wote kwa wauza vifaa vya mitumba. Yeye mkono wake ulikuwa unakimbilia viti vya ngozi, vyeusi vinang'aa. Nikamwambia ngozi inateleza, mgongo wako unataka kiti kinachokushika. Nikamchagulia cha kitambaa, cha Mark X, kitambaa kigumu chenye vinyweleo, kile ambacho ukikaa suruali inang'ang'ania. Nilikata sakafu ya Pijo iliyooza nikachomelea bati jipya. Nikaweka sahani zangu. Nikashusha reli. Nilifungua mgongo wa kiti nikaongeza sponji ngumu pale kwenye mbonyeo wa kiuno chake, na kwa ajili hiyo nilimkalisha kwenye kreti akaendesha hewani, na mimi nyuma yake nimeweka kiganja kiunoni kwake kama nilivyokuwa nikimshika alipokuwa anajifunza kutembea. Alipofumba macho akaendesha, alifika mbali. Alikuwa anasalimia watu njiani.

"Mama Side, leo changu wapo, kibua hamna!" alisema, macho yamefumbwa. Gereji nzima ilikaa chini kwa kicheko.

Siku ya kukabidhi alikaa, akafunga mlango. Akasema, "Dada, hapa hata nikifa sawa." Nikamwambia aache uchuro, aondoe gari.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, akarudi na nailoni.

Mnaijua nailoni. Nyumba gani ya kwetu haina? Sofa lina nailoni, godoro lina nailoni mpaka linachanika lenyewe, rimoti ya tivii imevikwa nailoni mpaka namba hazionekani. Gari likitoka bandarini, viti vina nailoni za kiwandani, na mwenye gari anatembea nazo mpaka zinakuwa za njano. Ukimtolea anakuona mchawi. Athumani alikuwa amenunua nailoni nzito duka la vifaa vya ujenzi, ile ngumu ya kumeremeta, anataka nimvalishie kiti.

"Samaki, dada. Harufu. Maji ya samaki yakiingia kwenye kitambaa hayatoki."

"N'takushonea kava ya pamba. Mbili. Moja unavaa, moja unafua."

"Kava inaficha kiti. Watu watajuaje kama ni Mark X? Nailoni kiti kinaonekana."

"Athumani, kiti cha kukushika umekiwekea kitu cha kukutelezesha. Sasa mimi nimefanya kazi gani?"

"N'taizoea."

Nilikataa. Akaenda kwa kijana wa jirani, akamvalishia vizuri sana, kingo amezibana kwa pini, hata mkunjo mmoja huoni. Watu wakaja kukishangaa. Waliniletea hongera mpaka kibandani, "Fundi Zena, kiti cha Athumani umekitendea haki." Nikiwaambia sikutaka nailoni ile wananiangalia kama ninayejidai.

Sasa fikirieni barabara ya kushuka Madale. Mtu anashuka kilima, nyuma ana matenga ya samaki, anakanyaga breki. Makalio yanakwenda mbele. Anajivuta nyuma. Breki tena, anateleza tena. Ili asiteleze anakaza miguu kwenye sakafu na mgongo kwenye kiti, kutwa nzima, na jasho chini yake limekusanyika halina pa kwenda. Yale yote niliyomwekea, sponji na kitambaa na vipimo vya kreti, yako chini ya nailoni yanamsubiri. Mgongo ukazidi. Akaanza kusema kiti kina walakini.

Nilikwenda kwake nikamwambia toa nailoni. Akatandika kikoi juu yake. Sasa ikawa kikoi nacho kinateleza, na yeye juu ya kikoi. Nikarudi nikamwambia toa nailoni, akaniambia atatoa ikichakaa. Siku moja nilifika gari limeegeshwa, mlango wazi, nikaanza kubandua pini moja kwa kidole. Alitoka nje anachechemea na kanzu yake, anafoka utadhani nachinja mbuzi wake. Tuligombana mbele ya majirani. Hatukusemeshana mfungo mzima, na Idi nilipeleka pilau kwa mkono wa mtu.

Nilipokuja kuliona lile Pijo tena, kiti kilikuwa kimeinuka mbele. Nikainama nikachungulia. Vipande vya mbao vilikuwa chini ya reli zangu. Nikauliza nani kafanya, nikaelekezwa kwa kijana mmoja wa njia panda. Kijana mwenyewe mstaarabu, sina ugomvi naye.

"Shikamoo mama. Braza alisema anaterezaga mbele, nikaona ishu ni engo. Nikampandisha kidogo."

"Marahaba. Na nailoni hukuiona?"

"Nimeiona mama. Ipo fresh tu, haijachanika hata kidogo."

Nilikaa kwenye tairi pale kwake nikaomba maji ya kunywa. Kwa ile mbao, mapaja ya Athumani yalikuwa yamebanwa na ukingo wa kiti, kiuno kimezama nyuma na mgongo umejikunja. Baadaye nilisikia kuna mwingine alimshauri aongeze mto, akaongeza mto. Mwingine akamwambia mkanda ndio unambana, akaacha kuvaa mkanda. Kila mtu alirekebisha kitu. Watu wazima, mafundi, tena na wengine niliwafundisha mimi, walizunguka kiti kile kila upande, na hakuna aliyesema tutoe nailoni tuone. Mimi niliyesema nilikuwa dada yake, na maneno ya dada hayana uzito wa ufundi.

Siku aliyoshindwa alikuwa amesimama na gari pale Wazo, anataka kushuka. Miguu haikumtii. Watu walidhani anatania, kwa sababu ndiye mtania watu. Wakamshusha wamembeba na kiuno chake kimekunjika vilevile kilivyokuwa garini.

Daktari hakusema ni nailoni. Nasema hili ili msije mkasema Fundi Zena anajifanya daktari. Alisema ni miaka mingi, mizigo, springi zile za zamani, umri; alionyesha kwenye picha mahali mfupa unapobana mshipa. Labda hata angekaa kwenye kitambaa angefika huko huko. Labda angefika amechelewa. Hilo "labda" ndilo ninaloamka nalo kila siku, na hakuna fundi wa kulinyoosha.

Pijo liliuzwa, likakatwa vyuma. Kabla halijakatwa Athumani alituma watu wakafungue kiti. Walikileta nyumbani Kunduchi, wakakichomelea miguu ya nondo, kikawekwa sebuleni mkabala na mlango. Kiti cha wageni. Nailoni yake mwilini. Yeye mwenyewe analala kwenye godoro chini, upande wa ukutani, anakitazama.

"Nakitunza," aliniambia nilipokwenda kumwona. "N'kipona n'tatafuta pikapu nyingine, unifungie dada."

Nilimwambia n'takufungia. Nilikuwa nimeshakabidhi kibanda kwa wengine wakati huo.

Siku hiyo nilivumilia. Safari iliyofuata sikuvumilia. Mwajuma alikuwa uani anakaanga vibua, Athumani ananisimulia mambo ya watu, na mimi nimekaa kwenye kile kiti nateleza, najivuta nyuma, nateleza. Nikainuka. Nikaanza kuchomoa pini. Safari hii hakuweza kunifuata.

"Dada, unaniharibia kiti!"

"Nyamaza."

"Dada Zena! Mwajuma! Njoo umwone huyu!"

Mwajuma alifika na mwiko mkononi, akasimama. Nilichana nailoni yote, mgongo na kikalio, mpaka kwenye kichwa cha kiti. Kitambaa kilikuwa kipya. Sijui niseme nini zaidi, kilikuwa kama nilivyokitoa dukani, na kilikuwa na ukungu kidogo tu upande wa chini, jasho lilipopenya. Nikamwambia Mwajuma aweke mwiko chini tumwinue. Mzito bado, lakini tukamwinua, huku analalamika, tukamkalisha.

Akaegemea. Nikaona mgongo wake unatafuta, unatafuta, halafu ukaingia pale kwenye mbonyeo niliomwekea. Mabega yakashuka. Akapapasa kitambaa kwa viganja vyake viwili, akasukuma kiuno mbele kujaribu kama kitamwachia. Hakikumwachia.

"Kumbe kinashika," akasema.

Nikamwambia ndiyo, kinashika. Alikaa kiasi cha mtu kunywa kikombe cha chai, halafu mishipa ikaanza kumvuta, akaomba tumrudishe chini. Tukamlaza. Alijigeuzia ukutani na mimi nikamwacha, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anione.

Sasa nyie mtaniuliza fundisho ni lipi. Fundisho nimeshawapa huko juu: sahani za chuma, reli, kreti ya soda, mpime mtu. Hili la nailoni sijui mtalifanyia nini. Mkimkabidhi mteja kiti bila nailoni atadhani mmemuuzia kilichokaliwa, na atakwenda kwa jirani yenu amvalishie. Nimefanya kazi hii umri wangu wote na sijapata maneno ya kumfanya mtu akae kwenye kitu alichotengenezewa.

Wiki iliyofuata nilirudi Kunduchi na machungwa. Athumani alikuwa amelala, usingizi wa dawa. Mwajuma alitoka kunipokea na furaha zote, anaona raha kwamba ugomvi umekwisha, akanishika mkono akaniingiza sebuleni kunionyesha. Alikuwa amenunua nailoni mpya, nzito kuliko ya kwanza, akakivalisha kiti mwenyewe, kingo amezishona kwa mkono.

"Mdogo wako kakipenda mno kile kiti, wifi," alisema. "Nikaona kisije kikaharibika. Karibu ukae."

Nikakaa.